Landrova zetu za zamani zisiuzwe kwa kilo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu magari ya zamani ya Kiingereza yaliyobaki katika mikoa ya Iringa, Njombe na Mbeya, hasa Landrova, ambazo hadi leo utazikuta zimeegeshwa kwenye viwanja vya misheni, kwenye mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe, na nyuma ya nyumba za watu ambao baba zao walizinunua walipostaafu kazi. Wanunuzi wa chuma chakavu wanapita vijijini na mizani yao na mitungi ya gesi ya kukatia, na gari ambalo kwa miaka mingi lilibeba wagonjwa, mbolea na wasindikizaji wa harusi za ukoo mzima hukatwa vipande kwa siku moja na kupakiwa kwenye Fuso. Mwenye gari akiulizwa kwa nini ameuza, hujibu kwamba gari lilishakufa. Sikubaliani na jibu hilo. Mengi ya magari hayo hayakufa kwa uzee, bali yaliharibiwa na matengenezo mabaya na kwa kuachwa bila kuangaliwa, na sehemu kubwa ya kazi ya kuyarudisha barabarani ni kazi ambayo mwenye gari anaweza kuifanya mwenyewe nyumbani kwake.

Tukumbuke kwanza jinsi gari hili lilivyoundwa. Kampuni ya Rover ililionyesha kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948, wakati Uingereza ikiwa bado na uhaba wa chuma baada ya vita, na ndiyo maana bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu iliyochanganywa na madini mengine, chuma kikaachiwa chesisi, yaani fremu ya chini ya gari, na sehemu chache zinazobeba uzito. Toleo hilo la kwanza huitwa Series I. Series II ilitoka mwaka 1958, ikafuatwa na IIA mwaka 1961 na Series III mwaka 1971, ambayo iliendelea kuundwa hadi 1985. Katika muda wote huo injini ya petroli ya lita 2.25 haikubadilika sana, kiasi kwamba spea nyingi za gari la miaka ya sitini zinaingia kwenye gari la miaka ya sabini. Madigadi, milango, boneti na paa vimefungwa kwa bolti. Sakafu ya mbele inafunguka, na giaboksi inaweza kutolewa kupitia ndani ya kibanda cha dereva bila kulinyanyua gari kwenye mashine yoyote. Waliolibuni walimfikiria mkulima aliye mbali na gereji, na mkulima wa namna hiyo bado yupo Makete, Ludewa na Ileje.

Naanza na spana, kwa sababu hapo ndipo uharibifu mwingi unapoanzia. Magari ya Kijapani yaliyojaa barabarani yana bolti za milimita, na fundi wetu wa leo amekulia kwenye sanduku la spana namba 10, 12, 14 na 17. Landrova za Series II na III zimefungwa zaidi kwa bolti za inchi za aina ya UNF, Series I kwa bolti za BSF, aina ya zamani ya Kiingereza, na kwenye vifaa vya umeme kuna skrubu ndogo za BA, nazo za Kiingereza. Nati inayotumia spana ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7. Ukiishika kwa spana ya 13 itakubali kuzunguka leo na kesho, lakini baada ya kufunguliwa mara kadhaa pembe zake zinakuwa zimeliwa na spana inateleza. Nati ya inchi 9/16 ina milimita 14.3, kwa hiyo spana ya 14 haiingii na ya 15 inacheza. Zipo chache zinazoingiliana, kama ile ya robo tatu ya inchi inayokubali spana ya 19, na hizo ndizo zinazomdanganya fundi kuamini kwamba na nyingine zote zitakubali. Pembe zikishaliwa anachukua tindo na nyundo, tindo ikishindwa anachukua gesi, na mwisho analazimisha bolti ya milimita kwenye tundu lililochongwa meno ya inchi mpaka meno yote yanatoka. Kwenye Series I hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa meno ya BSF yamechongwa kwa pembe ya digrii 55 na ya bolti za milimita ni digrii 60. Nimefungua manifoldi, bomba linalokusanya moshi wa injini, ambayo hakukuwa na bolti mbili zilizofanana, mojawapo ikiwa imechomelewa moja kwa moja kwenye silinda hedi, na mwenye gari alikuwa ameambiwa kwamba injini ile imechoka kwa sababu ilikuwa ikitoa sauti ya kupumua. Ilikuwa inavujisha moshi kwenye manifoldi, basi.

Seti moja ya spana za inchi na nyingine ndogo ya soketi zake ni ununuzi wa mara moja katika maisha. Ningemshauri kila mwenye gari la namna hii aanze hapo kabla hajanunua rangi, taa au taili mpya, na akilipeleka gari kwa fundi ampelekee na spana hizo.

Jambo la pili, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni chesisi. Watu wanaiangalia bodi, wanaona aluminiamu haina kutu, wanaridhika. Chesisi ya Landrova ni boksi la bati la chuma lenye unene wa takriban milimita mbili, lenye uwazi ndani, na uwazi huo una matundu ya kutolea maji upande wa chini. Katika nyanda zetu mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, barabara za vijijini zinageuka tope jekundu, na tope hilo linaingia kwenye boksi, linaziba matundu, linakaa humo hadi kiangazi likiwa na unyevu wake. Kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Ukipita nje kwa macho utaona rangi nyeusi safi. Ukigonga kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua kuanzia mbele, chuma kizima kinaita kwa sauti kali, na ukifika pabovu sauti inafifia, rangi inapasuka, na mara nyingine ncha ya nyundo inazama na vumbi la kutu linamwagika chini kama unga wa ulezi. Mahali pa kugonga kwa makini zaidi ni boriti ya nyuma inayoshika ndoano ya kuvutia, mikono inayotoka pembeni kushika bodi, na pale vishikio vya springi vinapoungana na chesisi, kwani springi za nyuma zikipoteza mahali pa kushika, ekseli nzima inahama na gari halifuati usukani.

Kinga yake haihitaji fundi. Kila mvua zinapokwisha, zibua matundu ya chini kwa waya, ingiza mpira wa maji ndani ya boksi mpaka maji yanayotoka yawe meupe, liache gari juani mpaka pakauke kabisa, kisha nyunyizia ndani nta ya kuzuia kutu au oili safi ya giaboksi iliyolainishwa. Wengi hutumia oili chafu ya injini, nami naomba waache. Hulowesha bushi za mpira na kuziozesha, na inayobaki inadondoka ardhini, katika wilaya kama Rungwe ambako watu wanachota maji kwenye chemchemi zilizo chini ya nyumba zao.

Palipokwisha kuoza panahitaji kuchomelewa, na hapa kuna desturi mbaya ya kubandika bati jipya juu ya kutu, kupaka lami na kumrudishia mwenye gari funguo. Moto wa kuchomelea haushiki kwenye kutu. Palipooza pakatwe mpaka kwenye chuma kinachong'aa, kiraka kikatwe kwa bati lisilo jembamba kuliko la asili, kichomelewe pande zote, kisha kipakwe rangi ya kuzuia kutu siku ileile. Kabla ya hapo betri itolewe nyaya, na tenki la petroli, ambalo kwenye magari mengi ya aina hii liko chini ya kiti cha mbele, litolewe na kupelekwa mbali. Anayesema ataweka tu kitambaa chenye maji juu ya tenki asiruhusiwe kuwasha mashine.

Aluminiamu nayo ina adui wake. Inapogusana na chuma palipo na maji, huliwa yenyewe na kubaki unga mweupe, na ndiyo sababu madigadi hutoboka pembeni mwa bolti na chini ya milango. Kupaka pati juu yake hakusaidii. Weka kipande chembamba cha mpira au rangi nzito kati ya metali hizo mbili unaporudisha bodi, na jambo hilo limekwisha.

Breki sitazipitia haraka. Mtu anayeishi huku hawezi kukwepa miteremko. Kuna Kitonga kwa anayetoka Iringa kwenda Morogoro, kuna Mlima Nyoka mbele ya Uyole, na kuna zile kona 57 kati ya Chimala na Matamba. Landrova nyingi za Series zina breki za drum (shoo zinazosukumwa kugusa ngoma ya chuma) kwenye magurudumu yote manne na mkondo mmoja tu wa mafuta ya breki, maana yake bomba moja likipasuka mguu unagusa sakafu na hakuna breki inayobaki. Mafuta ya breki hunywa unyevu kutoka hewani hata gari likiwa limeegeshwa. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango cha chini kinachokubalika cha kuchemka hushuka hadi 155, na kwa DOT 3 hushuka hadi 140. Dereva anayeshuka Kitonga akiwa amekanyaga breki muda wote anaweza kuyachemsha mafuta ya namna hiyo, mvuke unajaa kwenye mabomba, na kanyagio linakuwa laini palepale anapolihitaji. Mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, yote, na hewa itolewe kuanzia gurudumu lililo mbali na masta silinda, ile pampu inayosukumwa na kanyagio. Ni kazi ya watu wawili, mmoja akikanyaga na mwingine akiwa na spana na chupa, na mtoto wa sekondari anaweza kuwa huyo wa kukanyaga.

Gereji moja mjini Mbeya, ambayo sina haja ya kuitaja, iliwahi kunijazia oili ya usukani kwenye kikopo cha breki kwa maelezo kwamba mafuta ni mafuta. Oili hiyo huvimbisha mipira ya mfumo wa breki. Kabla sijafika mbali mipira ya masta silinda ilivimba, mafuta yakakosa njia ya kurudi, breki zikaanza kushika zenyewe na drum zikapata moto kiasi cha kunuka. Ililazimu kutoa kila mpira kwenye mfumo mzima, kusafisha mabomba kwa spiriti na kuanza upya. Naliandika hili kwa sababu kosa hilo bado linafanyika kila siku, na kwenye mteremko linaua.

Kurekebisha nafasi ya shoo za breki pia ni kazi ya nyumbani. Inua gurudumu, zungusha bolti ya marekebisho iliyo nyuma ya drum mpaka gurudumu ligome, kisha rudisha kidogo kidogo mpaka lizunguke huru. Kwenye gari refu, lile la inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, drum za mbele zina bolti mbili za marekebisho na mafundi wengi hugusa moja tu, halafu wanashangaa kwa nini gari linavuta upande. Wakati gurudumu liko juu, itazame pia ile tufe ya chuma inayong'aa nyuma yake, mahali gurudumu linapogeukia. Ikiwa imeota vishimo vya kutu, itakata sili yake kila gari linapogeuka, na oili itavuja. Ifute tope kila unapoosha gari.

Kuhusu injini nitasema mambo machache. Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na huku juu hewa ina mgandamizo mdogo kuliko Dar es Salaam kwa takriban asilimia 18. Kabureta iliyosetiwa pwani hutoa petroli nyingi kuliko hewa ikifika huku, plagi zinakuwa nyeusi, gari linakunywa mafuta na kukosa nguvu, na mwenye gari anaambiwa injini ivunjwe. Kabla ya kukubali, toa plagi uzitazame rangi, safisha kabureta, punguza mchanganyiko, na hakikisha nafasi ya pointi za distributa (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi) iko kati ya milimita 0.35 na 0.40. Halafu pima tapeti, yaani mwanya wa vali. Injini ya petroli ya lita 2.25 ina vali 8, na zote hupimwa kwa fila geji, kibamba chembamba cha kupimia, ya milimita 0.25. Wala huhitaji mashine kujua ipi iko tayari kupimwa, kwani vali namba 8 ikiwa imefunguka kabisa unapima namba 1, ya 6 ikifunguka unapima ya 3, na kila mara jumla ya namba hizo mbili ni tisa. Injini unaizungusha taratibu kwa hendo, ule mkono wa chuma unaoingizwa mbele ya gari. Nikimwona kijana anaifahamu hesabu hiyo kwa mara ya kwanza, akafunga mfuniko na kusikia injini imetulia, najua gari hilo limepata mtunzaji.

Gari lililosimama miaka mingi lisiburutwe na trekta ili liwake. Mimina oili kidogo kupitia matundu ya plagi, liache siku kadhaa, kisha jaribu hendo kwa mkono. Ikianza kutembea hata robo mzunguko, injini hiyo ina nafasi ya kufufuka, na mwenye gari asikubali kupewa bei ya chuma.

Wako wanaoamua kutoa injini ya asili na kuweka ya dizeli ya Toyota. Nawaelewa, kwa kuwa spea zake zinapatikana Mwanjelwa mjini Mbeya siku yoyote na inasafiri kwa mafuta machache. Ninachopinga ni kuchomelea vishikio vya injini nzito zaidi kwenye chesisi ambayo haijagongwa wala kusafishwa, na kuliongezea gari mwendo huku breki zikibaki zilezile za drum. Anayetaka kubadili injini aanze na chesisi, afuate breki, na injini iwe ya mwisho.

Kwenye umeme onyo ni moja. Magari ya Series I na II ya miaka ya mwanzo yalifungwa upande chanya wa betri kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo, kwa hiyo asiyejua akiunganisha redio, alteneta au betri ya kuazima kwa mazoea anaunguza vitu. Soma maandishi ya kwenye gari na fuata waya mnene kabla ya kugusa chochote.

Sitaki nieleweke kwamba kila kazi ifanyike uani. Kuchonga silinda hedi, kupima mwanya wa usukani ulioliwa, kunyoosha chesisi iliyopinda kwa ajali, hizo ni kazi za karakana yenye mashine. Wala mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Pawepo stendi za chuma au magogo mapana ya mti mgumu, magurudumu yaliyobaki chini yazibwe kwa vigingi, na uwanja uwe sawa. Viwanja vyetu vya milimani vina mteremko, na breki ya mkono ya Landrova hushika shafti inayotoka giaboksi wala haishiki gurudumu lenyewe, hivyo ukiinua gurudumu moja la nyuma, breki hiyo haishiki tena.

Oktoba 2024 wenzetu wa Arusha walifanya tamasha la Landrova, na magari kutoka sehemu nyingi yakajipanga barabarani. Arusha wana watalii na wana mafundi waliorithishana kazi hii. Huku kwetu mafundi waliozifahamu, waliofanya kazi kwenye karakana za mashamba na za serikali, wengi ni wazee sasa, na vijana wao wanafungua Noah na Canter. Ujuzi huo ukiondoka nao, hatutaupata kwa kununua spea.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa vyuo vya ufundi stadi vya Mbeya na Iringa, naomba kila karakana ya magari iwe na angalau seti moja ya spana za inchi, na wazee hao waitwe wakati wa likizo kufundisha kozi fupi ya chesisi, breki za drum na kabureta, ambayo hata mwenye gari asiye fundi aruhusiwe kulipia na kuhudhuria. Kwako Mhariri, naomba utenge kona ndogo ambamo mafundi hao wataeleza kazi moja kila wiki kwa Kiswahili, maana vitabu vya kiwanda vya magari haya vimeandikwa kwa Kiingereza na vijana wengi walio gereji hawavisomi. Mimi niko tayari kuandika ya kwanza, ya kutoa hewa kwenye breki, na kuileta pamoja na michoro.

Wako,
Mkulima na mmiliki wa Landrova,
Uyole, Mbeya